Kioo cha Saa ya Baba

Kaka yangu akiona kitu kimechakaa, mkono unamuwasha. Ndivyo alivyotumaliza.

Saa ya baba ilikuwa ya kupigia mbizi, ya zamani, ingawa mwenyewe hata kuogelea hajui. Alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la mkonge huko Pongwe, na kazi iliiachia saa alama zake: mikwaruzo ya spana, bati lililochubuka pembeni, na ufa kwenye kioo tangu siku jeki ilipomponyoka. Tukimwambia abadilishe kioo, anacheka, anasema kwani saa inataka kuposwa?

Mama alipopofuka kwa presha ya macho, baba ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki. Walitembea mama kamshika kifundo cha mkono, kidole gumba juu ya kile kioo. Ngamiani nzima ikiwajua hivyo.

Baba akafariki. Mama akakaa eda, ndani, hatoki, na katika vitu vya marehemu hakuomba ila ile saa, apewe atakapomaliza. Kaka akaona haya kumpa mama saa yenye makovu. Akaipeleka kwa fundi bila kuniuliza. Bati likasuguliwa mpaka likang'aa, kioo kikawekwa kipya. Alipokuja kunionyesha nilimtukana, nasema kweli, kisha nikakimbilia kwa fundi kutafuta kile cha zamani. Kilishafagiwa na taka.

Siku ya kutoka eda wanawake wa mtaani walimwogesha mama, wakamfukiza udi, wakamkalisha jamvini. Kaka akamwekea saa kiganjani. Mama akapitisha kidole gumba juu ya kioo, akarudia. Akauliza hii ya nani. Kaka akasema ya baba.

"Mume wangu nimemshika kwa mkono huu huu," mama akasema. "Mlingoja nikae eda ndipo mkaiuza?"

Tuliapa wallahi. Fundi naye tulimleta, akaapa. Mama akasema hataki viapo, anataka saa ya mumewe. Akaamuru ile itolewe sadaka, na ikatolewa.

Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Siku hizi mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Mkono hanishiki, anashika upindo wa buibui langu, kwa vidole viwili. Mwezi uliopita muuguzi alimwamkia shikamoo, akamuuliza leo ameletwa na nani.

"Na jirani," mama akasema.