Mzee wa Fuwele na Programu Zisizo za Lazima

Fundi baiskeli wangu hapa Ifakara ndiye aliyeniambia, huku akijaza upepo, kwamba yule mzee wa kompyuta amefariki na maziko ni alasiri hiyo hiyo, Kiberege. Nilikwenda, nikatupa udongo, nikarudi na hasira. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba kuomboleza kwa adabu hakunijii. Hatukuwa ndugu wala marafiki wa kutembeleana. Tulisalimiana, tukabishana, basi. Lakini mtu yule alinisumbua akili kuliko wengi niliokula nao sahani moja.

Kazi yake ya maisha ilikuwa maabara ya kiwanda cha sukari, akichungulia punje za sukari kwenye hadubini. Walipostaafu, wenzake walifuga kuku. Yeye alinunua kompyuta ya mtumba na kujifunza programu inayosoma fuwele, yaani vitu kama sukari na chumvi ambavyo chembe zake ndogo kabisa zimejipanga kwa mpangilio. Fuwele hupigwa eksirei kwenye mashine zilizo mbali sana na bonde letu, majibu hurudi kama faili la namba, na programu huzigeuza namba hizo kuwa picha ya mpangilio ule. Programu yenyewe ni ya bure. Ila kuna nyongeza zilizotengenezwa na watu wengine, ambazo unazitafuta mwenyewe moja moja, unaziweka kwenye folda, kisha unaionyesha programu kuu zilipo. Maelekezo yanasema si lazima kuziweka. Mzee aliyachukia maneno hayo. Aliniambia kwamba hata baiskeli isiyo na keria inakwenda vizuri tu, mpaka siku utakapokuwa na gunia la mpunga.

Gunia lilimfika binti mmoja wa Michenga, mwanafunzi wa shahada ya pili, aliyekuwa amechuja kitu kutoka kwenye magome ya mti anaoujua tangu utotoni. Fuwele zake zilikuwa na maji yaliyozagaa ndani bila mpangilio, na bila nyongeza moja maalumu programu kuu haikuweza kuyapigia hesabu. Wakubwa wa mradi wake wakamwambia asihangaike, awatumie faili wataalamu wa nje wamalizie, naye jina lake litawekwa kwenye shukrani. Kwenye shukrani, kwa kazi yake mwenyewe. Mzee aliposikia alimwita nyumbani, na mimi nilikuwepo, nimefuata kurekebishiwa printa. Mtandao uliwatesa siku mbili. Hatimaye nyongeza ziliingia, programu ikazitambua, binti akapiga makofi.

"Sasa futa," mzee akasema.

"Nifute nini, babu?"

"Zote. Uziweke upya, mimi nakaa nje."

Binti alifuta huku analia. Nilimfuata mzee kibarazani nikamwambia ana roho mbaya. Hakugeuka hata kunitazama. "Kwa hiyo nikifa akawapigie magoti wale?" Akamfutisha tena kesho yake, na keshokutwa. Mara ya tatu binti hakulia, wala hakuuliza kitu.

Mzee alifariki kazi ya binti ikiwa nusu, bado iko kwenye kompyuta ile. Baada ya matanga ndugu waligawana vitu, kompyuta ikamwangukia mpwa wake. Mpwa aliuliza kama ndani kuna kitu cha maana, akajibiwa kuna vikorokoro tu vya ziada. Akaipeleka mjini isafishwe, iwekwe filamu. Nilipopata habari nilipanda bodaboda bila kupatana bei, nikamkuta fundi wa kompyuta ameshamaliza. Nilimtolea maneno ambayo leo namwomba radhi. Kisha nikampigia binti, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Aliuliza tu, "Imefutwa yote?"

"Yote, mwanangu."

"Nyongeza zile mimi mwenyewe nimeshazifuta mara tatu. Faili langu liko kwenye barua pepe. Naomba tu mnitafutie kompyuta."

Niliona aibu. Pale kibarazani nilidhani mzee anamtesa mtoto wa watu, kumbe alikuwa anamtoa mikononi mwa kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Sisi tumezoeshwa kupewa kitu nusu na kuambiwa kinatutosha, kilichobaki si lazima. Ukiambiwa hivyo, uliza kwanza kama anayekuambia anacho yeye. Akiwa nacho, basi ni lazima na kwako, na usikubali akushikie.

Safu hii nimeiandika kwa mkono, na mhariri ameshalalamikia mwandiko wangu. Avumilie. Kompyuta yangu iko Michenga, nyongeza zimeshaingia zote, na binti hajanipigia simu kuuliza chochote. Wale wanaosubiri faili wajue kwamba halitumwi.