Jiko la Zamani Linakula Sana

Kitambaa cha amerikani kilikuwa kifupi, na kosa lilianzia hapo. Nilikuwa nimeandika, "Jiko la zamani linakula makaa mengi. Badilisha leo." Fundi wa mabango akapima kwa shubiri, akasema herufi kubwa nilizozitaka hazitaenea. Mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, nikayafuta "makaa mengi", nikaweka "sana". Likabaki: JIKO LA ZAMANI LINAKULA SANA. BADILISHA LEO. Tukalitundika Mnazi Mmoja asubuhi, watu wakipita kwenda kazini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sijaolewa, na akilini mwangu jiko lilikuwa jiko tu. Wanaume walisoma wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza, "Dada, hayo mapya mnagawa kwa foleni? Langu mimi limeshachakaa, lina watoto sita." Ndipo nikakumbuka kwamba mwanamume akioa, watu husema kapata jiko. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikalishusha bango, nikalikunja, nikarudi ofisini nikiwa nimemkasirikia kila mtu, kuanzia mimi mwenyewe.

Ofisi ilikuwa ya serikali, fedha zilikuwa za wafadhili. Miaka ile mafuta ya taa yalikuwa ya kutafuta, na misitu ya pembezoni mwa mji ilikuwa ikiingia Kariakoo ndani ya magunia ya makaa. Mtaalamu wa Kizungu alibuni jiko la bati lenye udongo ndani, mdomo mwembamba, na mafundi wa mtaa wa Gerezani wakalitengeneza kwa mapipa chakavu. Mimi ndiye niliyepigania lijaribiwe Kariakoo, mtaani nilikozaliwa. Akakubali kwa sharti moja: akina mama wakilikataa hadi mwisho wa mwezi, majiko yote yatapelekwa mji mwingine.

Baada ya lile bango sikufunguliwa mlango hata mmoja. Kila nyumba jibu lilikuwa lile lile: "Kamwone kwanza mwenyekiti."

Mwenyekiti wa akina mama wa tawi letu la chama nilimjua tangu utotoni, na habari zake nilikuwa nazo kama mtaa mzima. Mwezi uliopita mumewe alikuwa ameoa mke wa pili, akamweka nyumba ile ile, chumba cha kutazamana na cha bi mkubwa. Nilijikaza, nikabeba jiko kichwani, nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuninyanyulia uso, alikuwa akichagua mchele. "Miaka ishirini na mitano nampikia yule bwana. Leo serikali inanitangazia Mnazi Mmoja kwamba nakula sana?"

Nilimwambia ukweli wote, kitambaa, shubiri na kalamu. Machozi yalinitoka, na sikuyaonea haya. Nikamwambia pia kwamba sitaondoka mpaka alipikie, anifukuze au asinifukuze. Mimi ni mbishi, na kwa mara ya kwanza ubishi wangu ulikuwa na kazi.

"Ulikuwa mbishi tangu unanyonya," akasema. "Haya, weka hapo uani."

Tukapima makaa kopo moja kwa jiko lake, kopo moja kwa langu, wali sufuria mbili zilizo sawa. Jiko lake lilimaliza makaa maji hayajakauka, akaongeza. Langu likaendelea taratibu. Nilianza kutabasamu, naye akaniuliza, "Sasa makaa ya kupalia natoa wapi?"

Wiki mbili tulikuwa tumejaribu majiko yale ofisini kwa kuchemsha maji tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba wali wa pwani maji yakikauka hupaliwa, makaa ya moto yakawekwa juu ya mfuniko mpaka uive sawasawa. Na karatasi yangu ya maelekezo ilisema makaa yasitolewe jikoni kabla chakula hakijaiva. Jicho langu lilikuwa mlangoni. Akilini nilishaona majiko yangu yakipakiwa kwenye lori kwenda mji mwingine.

Yeye hakusoma karatasi. Aliushika ule udongo kwa upindo wa khanga, akasema, "Udongo wenyewe unaunguza hivi, utatosha chini." Akachukua koleo, akatoa makaa yote jikoni, akayapanga juu ya mfuniko. Chini hakikubaki kitu ila joto la udongo. Niliichana ile karatasi huku nikimtazama.

Wali uliiva chini na juu, hata ukoko ulikuwa mwembamba wa rangi ya kupendeza. Alikula matonge mawili akiwa amesimama, akaonja tena. Nikatoa fomu na kalamu, nikamuuliza kama jina lake niliandike kwa jiko moja.

Alitazama gunia la makaa lililoegemea ukutani, gunia moja ambalo mumewe alileta kila mwezi kwa vyumba vyote viwili, na ambalo tangu bi mdogo aje lilikuwa likiisha kabla ya mwezi kwisha. Tangu afike, mtaa mzima ulijua, wake hao wawili walikuwa hawajasalimiana.

"Andika mawili," akasema kwa sauti ya chini. "La pili umpelekee mwenyewe yule pale, umfundishe kupalia. Na usimwambie nimesema mimi."

Nikaandika mawili, nikaingia ukumbini, nikabisha hodi kwa bi mdogo.