Mlango wa Nyuma wa Mama Letisia

Halafu bado mnacheka! Mama wa watu anatetemeka, nyie mnashika mbavu.

Alichosema Mama Letisia kwenye mkutano wa kijiji pale Gendabi ni hiki tu: "Na mimi nataka mlango wa nyuma." Basi! Uwanja mzima ukalipuka. Sulle, yule muuza spea za pikipiki, akapayuka: "Mama, hata wewe? Unataka kuingizwa kazini kinyemela?" Mtendaji, Bwana Idd, alicheka mpaka akavua miwani. Ajenda ikapita hivyo hivyo: maktaba ya kata inakarabatiwa, bati jipya, meza mpya, na mlango wa nyuma unazibwa kwa tofali ili rafu zipate ukuta.

Hakuna aliyemuuliza mlango gani.

Huyu mama ndiye anafagia hiyo maktaba na kuifungua. Ile asubuhi ya maporomoko, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang, liliingia kwake kwa mlango wa mbele na magogo na mawe yake. Yeye akatoka kwa mlango wa nyuma, wa jikoni, mjukuu wake Eva mgongoni. Nyumba ikaenda na tope. Tangu hapo akiingia popote, kanisani, dukani, hata kwenye harusi, macho yanatafuta kwanza pa kutokea. Mvua ikigonga bati, anasogea mlangoni.

Fundi Margwe alipoanza kuziba, mama akamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, niachie hata katundu."

"Ramani haina katundu, mama. Rafu nizibebe kichwani?"

Kesho yake mchana watoto walijaa maktabani wanasoma, Eva akiwemo. Wingu limekalia Mlima Hanang, jeusi kama sufuria ya kuni. Mama Letisia anafagia palepale alipofagia, hatoki. Ghafla nje pakanguruma. Ngurumo ya mawe, sakafu ikatetemeka. Ile sauti anaijua!

"Tope! Tokeni!"

Watoto wakakimbilia mbele. Mbele meza mpya zimerundikwa mlangoni, pamebaki upenyo wa mtoto mmoja. Wakabanana, wakalia, Eva akaanguka, wenzake wakamkanyaga. Mama akageukia ule ukuta mbichi, akaupiga teke, akaupiga bega. Saruji ilikuwa haijashika. Tofali zikamwagika. Akawasukuma watoto kwenye lile tundu, akarudi kumbeba Eva.

Nje hakuna tope. Ni lori limemwaga mawe ya ukarabati.

Ndiyo mmepata cha kucheka tena. Mnamuita Mama Tope. Fundi kanuna, anasema Jumatatu anaziba upya, safari hii kwa zege. Na Eva hakosi kwenda kusoma, goti limevimba lakini anaenda, na bibi yake anakaa naye mle ndani, karibu na lile tundu.

"Bibi, kwani uliogopa bure?" mtoto akamuuliza jana.

Mama Letisia akaangalia juu mlimani. Akaendelea kumpaka mafuta gotini.

Siku ile ni lori. Je, lingekuwa tope lenyewe? Mngewatolea wapi watoto wenu? Tope halipigi hodi.

Jumatatu asubuhi, kabla Margwe hajachanganya zege, njoo nyuma ya maktaba. Simama kwenye lile tundu, usitoke. Mtendaji akikuuliza unataka nini, mwambie: mlango wa nyuma. Na usicheke.