Karatasi Kali ya Shangazi Eliza

Wakati tunakua sisi pale Manyoni, picha ilikuwa inaoshwa kuliko mtoto. Msicheke. Mtoto unammwagia kopo moja la maji, unampaka mafuta miguuni, huyo shuleni anang'aa. Lakini picha ya Shangazi Eliza ilikuwa inakaa kwenye beseni mchana kutwa, inageuzwa, inabadilishiwa maji, inageuzwa tena, na maji hayo nani anateka? Mimi na dada yangu, tunasukuma baiskeli ya baba yenye madumu, kiangazi, foleni ya bombani imefika hadi kwa fundi viatu. Ninyi wa siku hizi mnapeleka filamu Dodoma, picha inatoka kwenye mashine imeshakauka, mnadhani ndivyo Mungu alivyoiumba.

Shangazi Eliza ni dada yake baba. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na stoo ya nyuma ndiyo ilikuwa chumba cha giza, madirisha ameyaziba kwa magunia na blanketi. Mashine ya kukuzia picha ilikuwa inatumia betri ya gari, anaipeleka kuchaji kule kwenye mashine ya kusaga, inarudi imejaa unga. Humo ndani taa nyekundu, joto, na harufu ya dawa inayokaa kwenye vidole mpaka unakula ugali wa uwele na mlenda bado unaisikia. Tulikuwa tunagombania kuingia. Raha yetu kubwa ilikuwa kutafuta upande wa karatasi wenye dawa, maana gizani huuoni. Unagusa kona kwa mdomo ulioloa mate kidogo. Upande unaonata ndio wenyewe. Shangazi anasema, "Busu karatasi, usiile!"

Sasa mtu asije kuniambia kwamba karatasi ni karatasi. Shangazi alikuwa hachagui karatasi kabla hajaiangalia negativu, ile filamu iliyosafishwa ambayo mtu mweusi anaonekana mweupe. Anaishika kwa ncha za vidole, anaielekeza dirishani. Halafu anatoa hukumu. "Huyu ana afya, mpe laini." Hiyo ni namba mbili, inatoa kila kitu taratibu, mpaka mikunjo ya shati. Au anasema, "Huyu amechoka, mpe kali." Hiyo ni namba nne, ya negativu iliyopigwa kwenye mwanga mdogo ikatoka nyepesi. Kali inakandamiza, cheusi kinakuwa tii, cheupe kinakuwa pee. Ukimpa mwenye afya karatasi kali, anatoka kama kapakwa masizi na chokaa. Hakuna shule aliyoendea haya. Aliharibu, akaharibu, akajua. Mimi pia nimejua hivyo hivyo, na sioni haya.

Ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Kila kitu ruksa. Maduka yakajaa, na akaja kijana mmoja tulimwita Toni, akafungua studio barabarani. Nyuma ya kiti chake alining'iniza shuka limechorwa maporomoko ya maji. Maporomoko! Manyoni! Watu waliotoka kupigana bombani asubuhi wanaenda kusimama mbele ya maporomoko wakitabasamu. Karatasi zake zilikuwa za plastiki, namba mbili tupu, zinang'aa kama sahani mpya, na haziombi maji mengi, unachovya unaanika. Mji mzima ukahamia kwa Toni. Watu wanachagua picha kwa kung'aa! Mtu anaigeuza geuza juani, anajiangalia kwenye mng'ao kama kwenye kioo, anasema, "Hii ndiyo picha." Sura yake mwenyewe haijulikani iko wapi, lakini inang'aa.

Mwaka huo huo duka la serikali likafungwa, likauza vilivyobaki. Wenzetu walitoka na vitenge na sabuni za miche. Shangazi alitoka na maboksi ya karatasi kali, zile nene za zamani. Mama yangu alishika kiuno.

"Wifi, haya tutayala?"

"Hayali mtu."

"Si wateja wote wako kwa Toni?"

"Watarudi."

"Watarudi na nini, na punda?"

Tulicheka wiki nzima. Na hawakurudi. Alirudi mmoja.

Mama Ndahani alishuka kutoka Kilimatinde kwa miguu, akafika mchana na vumbi hadi magotini. Mwanawe Ndahani alikuwa ameenda Sekenke kuchimba dhahabu, kama vijana wengi walipoambiwa ruksa. Shimo likamfunika. Wakamzika huko huko, mama yake hajamwona. Mwenzake akamletea nguo zake na kipande cha negativu kimoja, alimpiga kwa kamera ya kuazima, jua limeshazama. Maisha yake yote Ndahani hakuwahi kupigwa picha nyingine. Shangazi akamwamkia, yule mama akaitikia marahaba, akafungua khanga akatoa kile kipande pamoja na picha ya Toni. Tukaiangalia. Kijivu kitupu, kama uji wa mgonjwa. Lakini ilikuwa inang'aa!

"Yule kijana wa barabarani kaniambia mwanangu hayumo humu," akasema. "Nimekuja unithibitishie, nikae kimya."

Hayumo! Unamwambia mzazi mtoto wake hayumo kwa sababu wewe dukani kwako una karatasi ya aina moja? Mpaka leo nikikumbuka natamani kupindua meza.

Shangazi alikipeleka kile kipande dirishani. Alikaa nacho muda mrefu, mpaka mama yangu akaacha kupepeta.

"Yumo, mama," akasema. "Amechoka tu."

Chumba cha giza alikuwa haingii mteja, hata mwenyekiti wa kijiji hakuingia. Siku ile alimshika Mama Ndahani mkono akamwingiza. Kwanza alijaribu laini. Ikatoka miti, ikatoka baiskeli, ikatoka turubai, vyote kwa mbali kama vimefunikwa na moshi, na katikati mtu ambaye angeweza kuwa yeyote. Akachukua kali. Nikaibusu mimi kona, nikampa. Kwenye beseni la dawa haikutokea kitu, nikasikia Mama Ndahani ameacha kupumua. Halafu zikaja nyusi. Likaja jicho, pua, na ule mdomo ulioinuka upande mmoja. Mama Ndahani akaita jina lake, sauti ndogo, kama unavyomwamsha mtu usitake ashtuke, akaanza kuongea naye Kigogo. Sisi tukaangalia chini.

Shangazi akaziweka mbili mbele yake. "Mama, hii kali inakula. Shati lote limekuwa jeupe, miti imepotea. Ile laini inakuachia kila kitu, ila kidogo kidogo. Chagua wewe."

"Shati nilimnunulia mimi, nalijua," akasema. "Nipe uso."

Ikabaki kuosha. Karatasi nene isipooshwa sawasawa inageuka njano na picha inajifia, na siku ile bomba lilikuwa kavu. Shangazi akaufuata mtungi jikoni.

"Wifi, hayo ni ya kupikia," mama akasema.

"Najua."

Mama akasonya, msonyo mrefu wa kusikika hadi stesheni. Kisha akainua ndoo yake mwenyewe, akamimina. Tulilala bila kuoga, tumekula karanga, na Mama Ndahani kakaa kwenye kigoda kando ya beseni anamgeuza mwanawe pole pole, hataki mtu amsaidie.

Siku hizi stoo ile ina mahindi. Karatasi kali hazipo, mimi nimezitafuta hadi Dodoma, namwuliza kijana wa studio, "Una karatasi gani?" ananijibu, "Ya picha." Ya picha! Na nyie rika langu ndio mnaonikera kuliko wote, mlioyateka yale maji pamoja nami na leo mnajipanga kwenye foleni ya picha za rangi mkinyoosha kola.

Mwaka jana Mama Ndahani alifariki. Tulipanda Kilimatinde na shangazi, sasa anatembea kwa fimbo. Ndahani yupo ukutani, mweusi tii, jicho linakufuata mpaka mlangoni. Wajukuu wakatafuta picha ya bibi yao ya kuweka mbele ya jeneza. Wakaileta ile ya rangi waliyompeleka kupiga mjini, kwa Toni. Imegeuka rangi ya machungwa yote, uso umeondoka, huwezi kusema kama ni bibi au ni jirani. Nauliza negativu iko wapi, wananirudishia swali kana kwamba mimi ndiye niliyeitupa. Mchungaji anasubiri, watu wamesimama juani. Mwishowe mjukuu mkubwa akapanda kwenye kiti, akamtoa mjomba wake ukutani. Tukamsindikiza mama kwa sura ya mwanawe, kwa sababu ya kwake haikuwepo.