Maharage ya Mama Kwenye Meza ya Poka

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunionea huruma nisiyostahili. Si wivu wa mke. Huo mke wangu hulalamika kwamba sina hata chembe. Wivu wangu ulikuwa wa rafiki, mwanamume mwenzangu, fundi mwashi mwenye viganja vilivyochanika kwa saruji.

Tulizaliwa Mhezi, juu kwenye milima ya Upare, nyumba zetu zikitenganishwa na mfereji mmoja wa maji. Tukateremka Same mwaka mmoja, yeye na pimamaji yake, mimi na cherehani ya kukopa. Kila Jumapili alasiri, upepo wa Same ukiwa umeshatujaza vumbi mpaka masikioni, tulikaa nyuma ya duka langu la kushona tukacheza poka tuliyojifunza kwenye simu: karata mbili mkononi, tano mezani, unachagua tano zilizo bora. Tulicheza kwa Kipare. Tulitaniana kwa Kipare, tukadanganyana kwa Kipare, na aliyeshinda alinunua soda. Sikujua kama hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu kubwa ya wiki mpaka alipokuja mtu wa kuigawa.

Tena nilimkaribisha mwenyewe. Alikuwa Mnyamwezi, fundi wa mashine, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge. Mkataba ulipokwisha akahamia mjini kutengeneza mashine za kusaga. Alileta suruali nimpunguzie kiuno, akaona karata juu ya meza yangu ya kukatia nguo, akauliza kama tunaijua poka ya karata nne. Nikamwambia kaa utufundishe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi sikupona.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Unapewa karata nne badala ya mbili, na mezani zinawekwa tano kama kawaida. Ila kuna sharti: lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani, si pungufu, si zaidi. Hilo tu. Rafiki yangu alilielewa kabla soda hazijafunguliwa. Mimi niliitikia kwa kichwa kama niliyeelewa.

Mgeni akaleta na utaratibu. Alisema mchezaji bila mtaji ni mtazamaji aliyechelewa kujijua. Kila mmoja alitoa shilingi elfu ishirini, zikakaa kwenye simu ya rafiki yangu, kwa kuwa hata mgeni alishamwona kuwa ndiye mwaminifu. Badala ya fedha tulitumia maharage ya njano ambayo mgeni aliyanunua sokoni, mia mbili kila mtu, kila mtu na kopo lake, na makopo yalikaa dukani kwangu. Mwisho wa mwezi tutahesabu yote, kila mtu alipwe kwa maharage aliyo nayo. Na sheria moja ya mgeni ilikuwa kali: mtaji haulishwi kutoka nyumbani, hata harage moja haliongezwi. Ukiishiwa, unakaa pembeni ukitazama mpaka mwezi uishe.

Wiki ya kwanza nilipoteza maharage thelathini. Nikasema ni ugeni wa mchezo. Kisha wale wawili wakapata kazi kijiji cha Kisiwani, mgeni anafunga mashine ya kusaga, rafiki yangu anaijengea msingi. Walikwenda siku tano kwa pikipiki moja. Waliporudi walikuwa na maneno yao, vicheko vyao, na namna ya kutazamana kabla ya kuweka maharage. Nilijua walichokuwa wakifanya huko mchana kwenye kivuli cha kibanda cha mashine. Walikuwa wakicheza bila mimi.

"Huyu ana kichwa cha poka," mgeni aliniambia, akimwonyesha kwa kidevu. "Nimefundisha watu wengi, kaka, lakini huyu ni mwingine."

Niliumia kuliko nilivyoumia siku mteja alipokataa suti ya harusi niliyoimaliza. Nikamgeukia rafiki yangu nikamtania kwa Kipare, utani wetu wa zamani. Akanijibu kwa Kiswahili. Nikajaribu tena. Akasema, kwa Kiswahili tena, "Tusimtenge mwenzetu." Mwenzetu!

Jumapili iliyofuata ndiyo iliyonimaliza. Mezani kulikuwa na kopa nne, na mkononi mwangu nilikuwa na kopa moja, kubwa kuliko zote. Katika mchezo wetu wa zamani hizo ni kopa tano, karata zote za aina moja, na hapo hakuna wa kunigusa. Nikasukuma maharage karibu yote niliyobakiza. Rafiki yangu akaniuliza kama nina uhakika. Nikaona ananidharau. Nikaweka karata zangu chini kwa kishindo.

"Kaka, mbili za mkononi," mgeni akasema taratibu. "Wewe unayo kopa moja."

Rafiki yangu alikuwa na kopa mbili, ndogo ndogo, za kutia aibu. Zikatosha. Nikabisha. Nikadai sharti halikuelezwa vizuri, nikadai turudie, mpaka mgeni akacheka akasema ni kweli wanavyosema watu, Wapare tuko tayari kuuza ng'ombe tushinde kesi ya kuku. Rafiki yangu naye akacheka. Ningesamehe kicheko cha mgeni.

Nilibaki na maharage tisa. Jumapili moja zaidi nami nitakuwa pembeni, nikiwatazama wale wawili kwenye meza yangu, nyuma ya duka langu.

Katikati ya wiki hiyo gari la mlimani likaniletea kifurushi cha mama: tangawizi, na maharage ya njano ya msimu ule. Mama yangu ni Msabato, mtu wa kanisa ambaye Jumamosi hakati hata kuni, na aliambiwa kwamba Jumapili alasiri mimi hupumzika. Nilifunga mlango wa duka saa sita mchana. Nikachukua maharage arobaini ya mama, nikayafuta moja moja kwa kipande cha kitenge, nikayatia kwenye kopo langu. Nilijiambia nitayatoa nikishashinda. Mwenye wivu huwa na mipango mizuri sana.

Sikushinda. Jumapili ile, ya mwisho wa mwezi, maharage ya mama yalivuka meza kidogo kidogo kwenda kwa rafiki yangu. Hakuna aliyeuliza mtu aliyebaki na tisa anatoa wapi. Mgeni alikuwa akitazama karata, na rafiki yangu nilidhani anatazama ushindi wake. Ilipofika jioni akamwaga makopo yote mezani, kila moja fungu lake, akaanza kuhesabu kumi kumi.

Alipofika mia sita, mezani kulikuwa bado na fungu. Akaacha kuhesabu. Akaokota harage moja, akalisugua kwa kidole gumba, akakitazama kidole. Kilikuwa na alama ya kijivu. Ndipo nami nikakumbuka nilichokisahau. Ya sokoni hutiwa dawa ya wadudu. Mama huhifadhi maharage kwa majivu, na majivu hujificha kwenye kile kitovu cha harage, hata ulifute vipi. Utotoni tulikaa wawili mlangoni kwa mama tukiyapepeta, tukitoka hapo nyuso zote za kijivu.

Rafiki yangu hakuniangalia. Akasema kwa Kipare, polepole, kama anayeuliza habari za nyumbani:

"Mama bado anaweka majivu?"

Nikamjibu kwa Kipare kwamba bado.

"Ni mzima?"

"Ni mzima."

Mgeni akauliza tunasema nini. Rafiki yangu akamwambia kwamba alikuwa akimuulizia mama yangu. Kisha akasema alikosea yeye kuhesabu siku ya kwanza, akayatenga maharage arobaini yaliyozidi kutoka kwenye ushindi wake, na mgeni akalipwa haki yake bila kupungua hata shilingi. Yale arobaini akayafunga kwenye karatasi, akanipa mkononi.

"Ukayapike," akasema, kwa Kipare.

Lugha niliyoililia mwezi mzima nikaipata hivyo. Na nitasema ukweli wote: hata pale, nikiwa na kile kifurushi mkononi, nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa kuwa mtu wa namna ile.

Mwezi mpya ulipoanza nilisema sina mtaji. Nikawawekea meza, nikakaa pembeni na kitenge cha mteja, nikishona vifungo ambavyo vingeweza kusubiri. Rafiki yangu akapewa karata zake nne. Akalisogeza benchi lake nyuma kidogo, akaziinua mpaka nikaweza kuziona zote. Hakugeuka. Nikaacha sindano, nikaanza kuchagua kimyakimya mbili ambazo ningetumia mimi.