Juu Pako, Chini Pangu

Mama Kokoto alipewa jina hilo kwa sababu ya kuponda mawe ya watu miaka nenda rudi, mpaka akawa anaubaini mwamba wenye dhahabu kwa kuushika tu. Siku alipopata leseni yake mwenyewe ya uchimbaji mdogo, alicheka peke yake barabarani, watu wakampisha. Kumbe eneo la leseni lilikuwa ndani ya shamba la aliyekuwa mumewe, yule yule aliyemfukuza akabaki na kila kitu.

Alipofika na vibarua wawili, alikuta mzee huyo ameshaziba njia kwa matawi ya miiba.

"Umefuata nini?"

"Nina leseni, baba watoto. Juu pako, chini pangu."

"Basi pitia huko huko chini!"

Vibarua waliangua kicheko. Mama Kokoto naye alicheka, ingawa maneno hayo yalimchoma.

Akaenda ofisi ya madini. Afisa hakuzunguka: "Leseni inakupa madini, mama, haikupi shamba. Mwenyewe asiporidhia, huchimbi."

Kesho yake alirudi kwa mzee mikono mitupu, akajikalia barazani bila kukaribishwa.

"Haya, sema unachotaka," akamwambia mzee.

"Nataka niwe msimamizi wa shimo."

"Hilo sahau. Uliniamrisha vya kutosha. Nitakulipa fidia ya mihogo kabla sururu haijagusa udongo, utapata fungu la mawe kila mzigo ukipanda, na tukimaliza nitafukia."

Mzee akakaza shingo. Ndipo mke wake mdogo, aliyekuwa anapepeta mahindi mlangoni, akaweka ungo chini.

"Dada, mimi nataka kazi ya kuponda. Na hiyo fidia tugawane mimi na yeye. Mihogo naipalilia mimi."

Mzee akawatazama kwa zamu. "Ninyi mmepanga hili!"

"Hatujawahi hata kusalimiana," Mama Kokoto akasema, na ilikuwa kweli tupu.

Wote watatu walitia saini makubaliano hayo mbele ya afisa, mzee akinung'unika, na miiba akaiondoa mwenyewe.

Shimo halikumtajirisha mtu, lakini halikuwaangusha. Mama Kokoto alimfundisha mke mdogo kushika nyundo asijiponde vidole, na baada ya muda wakawa wanaponda kwa mpigo mmoja, huku wakisimuliana habari za mzee bila kupunguza sauti. Mzee alilalamika kwamba kelele zinamnyima usingizi wa mchana. Wakamshauri ahamishie kitanda chumba cha nyuma.