Uwazi Kwenye Migomba

Mama alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa hajitambui. Maambukizi yalianzia kwenye mkojo yakaingia kwenye damu, na presha ikashuka hadi nikaacha kuuliza ni ngapi. Daktari, binti mwenye sauti ya upole, alituita mimi na kaka yangu. Alikuwa ameangalia umri wa Mama, presha, upumuaji, figo na fahamu, akavijumlisha kuwa alama.

"Hatari ya kumpoteza ni kubwa," alisema. "Lakini alama hizi zinaeleza wagonjwa wengi wenye hali kama yake. Haziwezi kuniambia yeye mwenyewe atafanya nini."

Mimi nilishika maneno ya mwisho. Kaka alishika ya mwanzo. Yeye ndiye anayeishi nyumbani, juu Marangu, na mtu wa kwetu huzikwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani, katikati ya migomba na kahawa. Basi akapanda mlimani, akapaka nyumba rangi, akajaza mashimo ya barabara ili magari ya wageni yapite, kisha akakata migomba kando ya kaburi la Baba. Nilipopata habari nilimpigia simu, nikamfokea mpaka watu kwenye korido wakanigeukia.

"Sasa dada, mvua zikianza tutachimba vipi?" alijitetea. "Si ulimsikia daktari?"

"Nilimsikia. Wewe ndiye uliyesikia nusu!"

Hasira zilikuwa za juu juu tu. Niliogopa kwamba huenda yeye ndiye aliyesikia vizuri.

Kisha presha ikaanza kupanda, na mkojo ukatoka. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu kiasi kile. Asubuhi moja daktari aliinama kitandani akasema, "Shikamoo bibi," na Mama akaitika marahaba, kisha akauliza ni nani anamkamulia ng'ombe wake. Nililia mbele ya wauguzi wote bila aibu.

Siku ya kumrudisha nyumbani tulipita Himo tukapanda taratibu. Gari halikuruka hata mara moja.

"Serikali imetukumbuka?" Mama aliuliza.

Akaona rangi mpya ukutani. Tukashuka. Akaona uwazi.

"Nani kakata migomba yangu ya ndizi za supu ya mtori?"

Kaka akatazama viatu vyake. Mama akaliangalia kaburi la Baba, akauangalia uwazi, akamwangalia mwanawe. Si mtoto, alishaelewa. Nilitamani ardhi inimeze, ingawa kosa halikuwa langu.

"Nileteeni kiti," alisema.

Akaketi palepale. Kihambani kwetu jua halifiki chini kirahisi, lakini hapo lilimwagika lote mabegani mwake. Akafumba macho, akanyoosha miguu.

"Mahali umepapatia, mwanangu," alimwambia kaka. "Ila kwanza acha nipakalie kwa juu."

Kaka akacheka huku machozi yanamtoka. Mpaka leo, kila asubuhi, yeye ndiye anayepeleka kile kiti.